Mguu hauumi tena, lakini soksi bado inalowa

SWALI: Kamwene sista. Nina miaka 49, kazi yangu ni kupanga na kupakia mbao hapa Mafinga. Hii ni wiki ya tatu tangu nikanyage ubao wenye msumari. Ulipenya gambuti ukaingia kwenye unyayo, chini ya kidole gumba. Niliuchomoa, tukacheka na wenzangu, nikaendelea kupakia lori. Siku ya nne mguu ukajaa, ukawa mwekundu. Shangazi akawa ananikanda kwa maji ya moto ya chumvi, mke wangu akaleta asali, na dukani wakaniuzia vidonge sita vya rangi mbili. Vitatu nilimeza, vitatu nikavifungua nikamwagia unga wake kwenye kidonda. Uvimbe ulipungua. Vijana wa kazini wameupa mguu cheo, wanauita Mheshimiwa. Nikifika wanasimama na kuuletea kiti. Tunacheka sana, na kweli kicheko kimenisaidia, maana sasa hauumi kabisa. Tatizo ni kwamba tundu limeziba juu, lakini kila asubuhi soksi imelowa maji yenye harufu. Usiku pia silali vizuri, naamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, nadhani ni baridi ya huku. Je, niendelee na asali na chumvi mpaka nipone? Rafiki yangu ananiambia nikienda hospitali watakata mguu.

JIBU: Kamwene kaka yangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale Mheshimiwa anapoletewa kiti. Mara ya pili nilikwama kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: mguu hauumi kabisa, na usiku unaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Nimeosha na kufunga vidonda hapa Mbeya kwa miaka 22, na hayo mawili yamenikosesha raha kuliko hata hiyo harufu.

Kwa hiyo nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Asali na chumvi havitakuponya, kwa sababu havifiki ugonjwa ulipo. Nenda hospitali kesho asubuhi kabla hujapita kazini, wakupime sukari na wakufungue hilo tundu. Hapo hapo Mafinga panatosha kuanzia. Wakiona haja watakupeleka Iringa. Usingoje mwisho wa wiki.

Kidonda chenye usaha kina kila sababu ya kuuma. Kikinyamaza huku bado kinatoa uchafu, kuna mawili. Huenda usaha umepata upenyo, ule mkazo wa ndani ukashuka. Hapo maumivu hupungua kweli, kama jipu likishapasuka mtu anavyopata usingizi. Au basi mishipa ya fahamu ya mguu imekufa ganzi, na mara nyingi inayoiua ni sukari iliyopanda kwenye damu miaka na miaka bila mwenyewe kujua. Mtu wa miaka 49, anayeamka usiku kukojoa tena na tena, mwenye kidonda cha wiki tatu kisichofunga na kisichouma, siwezi kumjibu habari ya asali kabla sijamuuliza habari ya kisukari. Baridi ya Mufindi naijua, nayo humwamsha mtu. Lakini humwamsha mara moja, akarudi kulala.

Leo usiku mwambie mkeo akufanyie kipimo kisichohitaji hela wala kifaa. Lala chali, fumba macho. Akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, mguso mwepesi kama nzi anapotua, sekunde moja au mbili tu, bila kubonyeza na bila kusugua. Aanze na ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha katikati, kisha kile kidogo cha mwisho. Halafu ahamie mguu wa kushoto, vidole vile vile. Ni sehemu sita jumla. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Asikuonye kabla ya kugusa, na asirudie kugusa pale ulipokosa. Ukikosa mbili au zaidi kati ya sita, miguu yako imepoteza hisia. Kipimo hiki kilibuniwa na wataalamu wa miguu wa mji wa Ipswich kule Uingereza, wakitaka kitu ambacho hata mtu wa nyumbani anaweza kukifanya. Lakini hata ukipata zote sita, kesho uende vile vile. Kidonda chako kina sababu zake nyingine za kumtaka daktari.

Hospitali watakuchoma kidole na kupata namba. Ukipima asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 na kuendelea ni namba ya kisukari. Ukipima saa yoyote ikawa 11.1 au zaidi, na huku kiu na kukojoa kupo, ni hivyo hivyo. Ujue pia kwamba mwili wenye maambukizi hupandisha sukari wenyewe kwa muda, kwa hiyo wakikwambia urudie kipimo baadaye, rudia. Na namba ikiwa kubwa usifadhaike. Sukari ikishushwa, hata kidonda kilichogoma huanza kuota nyama. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Nikwambie kwa nini naikazania ganzi. Mzee mmoja alitoka kwenye milima ya juu, kule ambako mwezi wa sita na wa saba majani yanaamka meupe kwa jalidi. Jioni moja aliweka miguu karibu na jiko la mkaa ili apate joto, akasinzia. Hakuna kilichomwamsha. Mke wake ndiye aliyesikia harufu, akadhani ni kandambili inaungua. Zilikuwa nyayo zake. Alikuja kwetu baada ya mwezi, kwa sababu kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hapaumi, na yeye mwenyewe aliona kitu kisichouma hakina haja ya nauli. Alipoteza vidole viwili. Leo anatembea na analima, lakini vile vidole viwili vilikuwa vya kuokolewa. Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye amehangaika na miguu ya wenye kisukari nchini kwa muda mrefu, yeye na wenzake waliwahi kuandika habari za wagonjwa walioguguniwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wakajua asubuhi walipoona damu. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuonya, kaka. Usiuamini ukikwambia ni mzima.

Sasa twende kwenye tundu lenyewe.

Kidonda cha panga au cha jembe kina mdomo mpana, kila kilichomo unakiona. Kidonda cha msumari ni kisima chembamba. Juu ni kitundu cha kuingia njiti ya kiberiti, chini yake kuna njia iliyopita kwenye ngozi, mafuta, pengine ikagusa ala ya mshipa wa kano au mfupa. Ngozi ya unyayo ni nene na inawahi kufunga. Ikifunga juu kabla ya ndani kupona, umewafungia wadudu chumbani, tena chumba chenye giza, joto na chakula. Ndiyo hali yako hasa: limeziba juu, soksi inalowa. Asali unayopaka inakaa kwenye kifuniko.

Halafu msumari haukuingia peke yake. Ulipita kwenye soli ya gambuti, kwenye kitambaa cha ndani kilicholowa jasho, na kwenye soksi. Viatu vya soli ya mpira vinavyoshinda na unyevu hufuga aina ya bakteria ambao wakisukumwa na msumari hadi ndani ya unyayo hupenda kushambulia mfupa na gegedu. Amoksilini na ndugu zake, ambazo ndizo hasa huuzwa kwenye vidonge vya rangi mbili, haziwawezi bakteria hao hata ungemeza dozi nzima. Wewe ulimeza vitatu. Vile vitatu ulivyomwagia juu vimefanya nini? Vimetengeneza gamba. Nimebandua magamba ya namna hiyo kwa mamia, ya njano na magumu kama ukoko wa ugali, na karibu kila mara chini yake usaha umelala. Sikulaumu, nimekuta walimu na hata watumishi wa afya wamefanya hivyo. Ila usirudie. Kidonge kimetengenezwa kipite tumboni, kiingie kwenye damu, kifike kwenye nyama kutokea ndani.

Niseme la haki kuhusu shangazi na mkeo, maana sitaki urudi nyumbani ukawaambie sista kasema mlikuwa mnaniua. Walichokifanya kina akili ndani yake.

Maji ya chumvi ni maji mazuri ya kuoshea kidonda. Hata hospitali tunaoshea maji ya chumvi, tofauti ni kwamba yetu yamepimwa na kutakaswa. Nyumbani utapata kitu kinachokaribiana nayo: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, cha kusawazisha bila kilima, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Mafinga mko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huanza kutokota yakiwa kwenye nyuzi 93 au 94 tu. Kwa hiyo yakianza kutokota yaache dakika tatu kamili, ufunike, yapoe yenyewe. Chumvi ikizidi inachoma nyama changa inayoota. Kosa la shangazi ni moto. Kukanda kwa maji ya moto mguu ambao huenda hausikii joto ni kujitafutia kidonda cha pili juu ya cha kwanza. Maji yawe vuguvugu, na yeye ndiye ayapime kwa kiwiko kama anavyopima ya kumwogeshea mtoto. Wewe usipime kwa mguu. Wala usiuloweke mguu kwenye beseni nusu saa. Ngozi inalainika, inakuwa nyeupe kama ya aliyefua siku nzima, inachanika katikati ya vidole, na hapo wadudu wanapata mlango mwingine. Mwagia maji yapite juu ya kidonda yaanguke, kisha kausha kwa kitambaa safi, hasa katikati ya vidole.

Asali nayo inastahili heshima yake. Ina sukari nyingi kiasi kwamba inafyonza maji kutoka kwa wadudu, ina uchachu wasioupenda, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa polepole kiasi kidogo cha dawa ile ile ya kutoa povu tuliyozoea kuoshea vidonda. Ipo asali ya hospitali, iliyopitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za vijidudu ambazo asali mbichi inaweza kuzibeba. Ya kwenye chupa ya barabarani hujui imechanganywa na nini, na nyingine ni sukari guru iliyoyeyushwa. Kwenye mchubuko wa juu juu au kuungua kidogo, kwa mtu asiye na kisukari, asali safi sina ugomvi nayo. Kwenye kisima cha msumari haina njia ya kushuka.

Hata sukari ya mezani ina historia. Moses Murandu, muuguzi mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Wolverhampton kule Uingereza, alikulia kwenye nyanda za juu za mashariki ya kwao, milimani kama sisi. Akiumia, baba yake alimpaka chumvi. Siku hela ikiwepo alimwekea sukari, na mtoto akaona ya sukari inapona upesi. Alipokuwa muuguzi hakuidharau kumbukumbu hiyo, aliifanyia utafiti kwa wagonjwa wa wodini. Mimi hilo linanigusa sana, kwa sababu ndivyo dawa ya nyumbani inavyopaswa kuheshimiwa: ipelekwe mbele ya watu wanaopima, ijulikane inafanya kazi wapi na inaishia wapi. Murandu aliweka sukari kwenye vidonda vilivyo wazi, vinavyobadilishwa bandeji kila siku chini ya macho ya wauguzi. Hakuimwaga kwenye tundu lililoziba.

Mshubiri uache kwa waliounguzwa na jua. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, kama kuna mtu ameshakuletea, hayatakudhuru ukioshea ngozi ya pembeni, ila hayana kazi ndani ya tundu. Kitunguu saumu kilichopondwa usikifunge kwenye mguu hata kwa saa moja, kinababua ngozi kama moto na wewe huenda usisikie. Na yapo mengine ambayo sitayasemea kwa upole. Nimefungua bandeji nikakuta unga wa betri, masizi ya chungu, tumbaku iliyotafunwa, mafuta ya taa, samadi ya ng'ombe. Samadi na udongo ndiko anakokaa mdudu wa pepopunda. Akishaleta ugonjwa, taya linakaza, mgongo unapinda, na mtu anaweza kufa huku akili yake ni timamu kabisa.

Na hapo hapo, kaka: sindano ya pepopunda umechoma lini? Wanawake wetu wanaipata kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi wa umri wako hawakumbuki kuchomwa hata mara moja tangu utotoni. Ugonjwa wenyewe huanza kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja baada ya kuumia, kwa hiyo wiki zako tatu bado hazijakuweka salama kabisa. Ukifika, kabla hata ya kuonyesha mguu, sema: nilichomwa na msumari, sijui lini nilipata chanjo. Wakupe, na wakikwambia urudi kwa ya pili na ya tatu, urudi. Ukisikia taya linakaza au shingo inakuwa ngumu, hiyo siyo ya kungoja asubuhi.

Dalili nyingine za kutongoja asubuhi ni hizi. Mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye unyayo kwenda kifundoni. Mtoki kwenye kinena. Homa ya kutetemeka. Ngozi kuwa nyeusi au ya buluu, au ukibonyeza pembeni ya kidonda unasikia kama karatasi inakwaruzika chini ya ngozi. Chukua kalamu ya wino sasa hivi, chora mpaka kuzunguka eneo lote jekundu au lililovimba. Wekundu ukivuka mpaka huo usiku huu, ondoka usiku huu.

Nadhani unachokiogopa zaidi ni mlango wa hospitali, basi nikueleze kilichopo nyuma yake. Utalazwa kwenye kitanda cha chumba cha vidonda, au utakaa na mguu kwenye kiti. Watakupiga sindano ya ganzi kama hisia bado zipo, watapanua tundu, usaha utatoka, na harufu itajaa chumba; usione aibu, kwetu harufu hiyo ni habari kama habari nyingine. Muuguzi au daktari atachukua kijiti cha chuma kisicho na ncha, kilichotakaswa, atakiteremsha taratibu. Anasikiliza kwa vidole vyake. Kikigota kwenye kitu kigumu kama jiwe, mfupa unaweza kuwa umeguswa, na hapo utapigwa picha na dawa zitakuwa za muda mrefu zaidi, wiki kadhaa. Kisipogota, wataosha, wataingiza gozi ndani ya tundu bila kuibana ili lisifunge juu kabla ya chini, na utakuwa unarudi kuoshwa, mwanzoni pengine kila siku. Utapewa antibayotiki inayolingana na kidonda chenyewe. Meza mpaka kidonge cha mwisho, hata ukijiona umepona siku ya nne.

Rafiki yako hakukosea kwamba watu hukatwa miguu hospitalini. Nimewashika mikono baadhi yao. Lakini hakuna hata mmoja ninayemkumbuka aliyekatwa kwa sababu aliwahi. Walikuja kidole kimekuwa cheusi, au usaha umepanda hadi kwenye muundi, wameshapita kwa watu wanne na maduka matatu. Mwaka mmoja alikuja kijana wa kupakia viazi pale Uyole, msumari kama wako, gambuti kama lako, siku ya tisa. Tulipofungua, tukasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano, kikatoka kipande cha mpira mweusi ukubwa wa mbegu ya papai. Kilikuwa kimekatwa na msumari kutoka kwenye soli kikaingia nao ndani. Siku tisa kilikuwa humo. Baada ya hapo kidonda kilikauka kama kimeamriwa, na wiki chache baadaye alikuwa amerudi kwenye magunia. Hakuna asali duniani ambayo ingekitoa kile kipande.

Ninayo pia kumbukumbu isiyonipa usingizi. Nilipokuwa mgeni kazini, mahali ambapo sitapataja, tuliletewa mvulana aliyekanyaga msumari. Palikuwa na foleni, na aliyekuwa juu yangu alisema ni katobo tu, pigeni plasta. Nikapiga plasta. Alirudi baada ya siku kumi na moja akiwa amebebwa mgongoni na baba yake. Alipona, kwa kukaa wodini mwezi na zaidi. Tangu siku hiyo tundu la msumari silifuniki kabla sijajua mwisho wake uko wapi, na nawe wakitaka kukufunika tu na kukuruhusu, waombe kwa adabu: naomba mlichungulie ndani, lina wiki tatu na bado linatoa usaha.

Kuhusu kicheko. Umeniambia kimekusaidia, na mimi naamini kimekusaidia, ila si kwa namna unayodhani. Nilikuwa na babu mmoja wa Kyela, donda ndugu kwenye kifundo cha mguu, miezi saba. Kila siku ya kuoshwa mjukuu wake wa miaka kumi na kitu alimsindikiza. Akiingia tu, anausalimia mguu: "Shikamoo mguu, huyu mzee wako anakutunza?" Halafu ananigeukia: "Sista, ukimaliza kuosha mguu wa babu umsafishe na mdomo, jana alimwambia bibi chakula hakina chumvi." Babu anacheka mpaka mabega yanatikisika, na mimi ndiyo nafasi yangu hiyo: msuli wa mguu unalegea, naingiza gozi mpaka kwenye kona ambayo siku nyingine hanikubalii niguse. Alikuwa hakosi siku hata moja, kwa sababu zile safari zilikuwa raha yao wawili. Alikuwa anakula vizuri. Alipona. Kicheko kilimleta kwenye kidonda kila siku, kikamfanya avumilie kuoshwa.

Cha kwako kilikupeleka wapi? Siku ya kwanza mlicheka, ukapakia lori. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu nawajua watu wa kazi ngumu: utani ndio unaowavusha siku, na mtu akisema anaumwa anaonekana analegea. Basi Mheshimiwa asivuliwe cheo, apewe kazi. Vijana wakileta kiti kimoja cha kukalia, walete na cha pili cha kuuwekea mguu, uwe juu zaidi ya kiuno. Usiku uweke mito miwili chini ya kisigino hadi ugoko, uwe juu ya usawa wa moyo. Majimaji yakishuka, damu mpya inafika. Na waseme wao kwa msimamizi kwamba mwezi huu Mheshimiwa hapandi lori. Najua kibarua asipopakia halipwi. Lakini pale kwenye mbao kuna kazi ya kukaa: kuhesabu vipande, kuandika idadi, kupanga oda. Wenzako wanaoweza kuusimamia mguu kila asubuhi wanaweza kukuombea hiyo. Kila hatua unayokanyaga na unyayo huo, uzito wako wote unalisukuma tundu, na nyama iliyoota usiku inasagwa mchana. Ninawaona wagonjwa wenye dawa sahihi kabisa ambao hawaponi kwa sababu hii tu.

Chakula usihangaike kutafuta kigeni. Maharage, mayai, maziwa, dagaa, mboga za majani na parachichi vipo sokoni kwenu. Nyama mpya inajengwa kwa hivyo. Ulanzi uache mpaka umalize dawa, na sigara kama unavuta, maana inabana mishipa midogo ya damu huko huko vidoleni tunakotaka damu ifike. Ukikutwa na sukari, watakupangia chakula upya, na hilo tutaliongea ukiniandikia namba yako.

Jambo la mwisho, na usilisahau. Lile gambuti usilitupe na usilichome. Lioshe kwa nje, livute soli pale tundu lilipo, uliangalie kwenye mwanga wa mlangoni. Kama ukingo wa tundu umekatika na pana pengo, kuna kipande cha mpira kinachokosekana, na ninajua kilipo. Tazama na soksi uliyovaa siku ile kama bado ipo: tundu lenye nyuzi zilizochanika tu ni afadhali, tundu la mviringo lililokosa kipande ni neno jingine. Mpira na uzi kwenye picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi havionekani. Chuma ndicho kinachoonekana. Kwa hiyo daktari akikwambia picha iko safi, mtolee gambuti kwenye mfuko umwonyeshe hilo pengo.